Chumvi ya shangazi: elementi, kampaundi na mchanganyiko vinatofautianaje?

Mwezi uliopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tanga akiwa na wasiwasi wa kweli. Alikuwa ametumiwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaani kwake. Mzungumzaji, kwa lafudhi ya mtu anayejua, anasema chumvi ya pakiti imetiwa kemikali ya kiwandani, kwamba klorini iliyomo ni ile ile ya kusafishia vyoo, na kwamba mwenye akili arudi kwenye chumvi ya mawe ya wazee wetu, isiyo na kemikali yoyote. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "hii niliyonayo niimwage?"

Sikutaka kumjibu kwa neno moja. Ile sauti ilikuwa imevuruga mambo matatu ambayo hata waliopita sekondari huyasahau mara mtihani unapokwisha: elementi, kampaundi na mchanganyiko. Anayeweza kuyatenganisha hatishwi na neno "klorini", na pia hadanganywi na neno "asilia" lililoandikwa kwa rangi ya kijani kwenye kopo. Nilimweleza kwa vitu vilivyo jikoni mwake. Hapa nayaandika kwa kirefu, kwa ajili ya wengine waliofikiwa na sauti hiyo au zinazofanana nayo.

Kwanza neno lenyewe, kemikali. Mtaani neno hili lina maana moja tu: sumu. Mboga imepigiwa kemikali, nywele zimewekwa kemikali, ndizi zimeivishwa kwa kemikali. Kwa mtu wa kemia, kemikali ni kitu chochote kilichoundwa kwa atomi, zile chembe ndogo mno zinazojenga kila kitu. Maji ni kemikali. Asali ni kemikali nyingi kwa pamoja: sukari za aina kadhaa, maji, tindikali kidogo na vingine vingi. Kwa hiyo hakuna sabuni, chakula wala pumzi isiyo na kemikali. Swali lenye maana ni hili: ni kemikali gani, ni kiasi gani, na imeungana na nini? Hilo la mwisho, imeungana na nini, ndilo watu hulisahau, na ndilo nitakalolifuata mpaka mwisho.

Elementi: kitu cha atomi za aina moja

Chukua pete ya dhahabu safi. Ikate vipande, iyeyushe, isage iwe unga. Kila chembe utakayopata ni dhahabu. Ukiendelea kugawa mpaka kusiwe na cha kugawa, utafika kwenye atomi ya dhahabu. Kitu cha namna hiyo, ambacho atomi zake zote ni za aina moja na hakuna moto wala tindikali inayoweza kukipasua kiwe vitu viwili vilivyo sahili zaidi, huitwa elementi. Hadi leo zinajulikana elementi 118, na baadhi yake hazijawahi kuonekana nje ya maabara.

Kiswahili kilikuwa na majina ya elementi kabla shule hazijaanza kufundisha kemia: dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi, bati, zebaki. Hata kiberiti, kabla ya kuwa jina la njiti za kuwashia moto, kilikuwa jina la salfa. Ila tuwe waangalifu na majina haya ya zamani, kwa sababu mengine yamehamia kwingine. Mabati ya paa hayakutengenezwa kwa bati, ni chuma kilichopakwa zinki ili kisipate kutu.

Kuna jambo dogo huwakwaza wanafunzi wengi. Oksijeni tunayovuta hutembea wawili wawili, atomi mbili zilizoshikana. Mshikano huo unaitwa molekuli. Je, basi oksijeni ni kampaundi? Hapana. Atomi zote mbili ni za oksijeni, kwa hiyo bado ni elementi. Molekuli inaeleza kushikana, na kampaundi inaeleza kushikana kwa atomi za aina tofauti.

Chumvi, na mambo yanayotokea atomi zinapoungana

Kampaundi, ambayo vitabu vingine huiita msombo, ni kitu kinachopatikana elementi mbili au zaidi zinapoungana kikemia. Chumvi ya mezani ni kampaundi ya elementi mbili, sodiamu na klorini. Inafaa kuzitazama hizi mbili kabla hazijakutana.

Sodiamu tupu ni metali laini kiasi cha kukatwa kwa kisu cha mezani. Ukiikata, uso wake hung'aa kama fedha kwa muda mfupi, kisha hufifia mbele ya macho yako kwa sababu inashambuliwa na hewa. Kwenye maabara huhifadhiwa ndani ya mafuta. Ukidondosha kipande kidogo kwenye beseni la maji, kinajikunja kuwa tone, kinakimbia juu ya maji kikilia na kutoa moshi, na kikiwa kikubwa kinalipuka. Kiweke ulimini kwenye mate, na mdomo utaungua.

Klorini ni gesi ya rangi ya kijani iliyopauka kuelekea njano. Inakaba koo na kuharibu mapafu. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi hii upepo ukiwa unaelekea kwa adui, na wanajeshi wengi wakafa mahandakini.

Zikutanishe hizi mbili. Atomi ya sodiamu inamwachia mwenzake elektroni moja, yaani chembe moja ndogo iliyo sehemu ya atomi, atomi ya klorini inaipokea, na hapo kila moja inatulia. Kinachobaki ni chembe nyeupe za chumvi. Ule mlipuko hauko tena, wala ile gesi. Hiki ndicho kiini cha kampaundi: elementi zikishaungana, tabia zake za awali zinapotea na inazaliwa tabia nyingine mpya kabisa.

Turudi kwenye ile sauti. Dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe na kusafishia vyoo huwa na kampaundi iliyoundwa kwa sodiamu, klorini na oksijeni. Kwa hiyo aliyesema klorini ya kwenye chumvi na ya kwenye dawa ya choo ni "ile ile" amesema kweli kuhusu atomi, akapotosha kuhusu yote yanayofuata. Kuongezeka kwa oksijeni na kubadilika kwa namna zilivyoshikana kumezaa kitu kinachoua vijidudu na kula rangi ya kitambaa. Chumvi haifanyi hivyo. Kumwogopa mtu kwa sababu nduguye ni mkorofi si haki, na hapa hali ni hiyo hiyo.

Jambo la pili kuhusu kampaundi ni kwamba kipimo chake hakibadiliki. Mwishoni mwa karne ya 18, Mfaransa Joseph Louis Proust, akifanya kazi nchini Hispania, alisisitiza kwamba kampaundi ile ile ina elementi zile zile kwa uwiano ule ule wa uzito, popote ilipotoka. Wenzake wengine walimpinga kwa miaka, lakini alikuwa sahihi. Katika kila gramu 100 za sodiamu kloridi, jina la kikemia la chumvi ya mezani, kuna takriban gramu 39 za sodiamu na 61 za klorini. Iwe imekaushwa kutoka maji ya bahari kule Gongoni karibu na Malindi, iwe imechemshwa kutoka chemchemi za Uvinza mkoani Kigoma, ambako watu wamekuwa wakipika chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, uwiano huo haupungui wala hauzidi. Hivyo, kama ni sodiamu kloridi tunayoizungumzia, ya mawe na ya pakiti haziwezi kutofautiana. Tofauti zao ziko kwingine, na tutafika huko.

Neno "kuchanganya" linatuponza

Nadhani sehemu ya mkanganyiko huu inatoka kwenye lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili tunachanganya mchele na maharage, tunachanganya maji na sukari, na tunachanganya saruji na maji. Kitenzi ni kimoja, lakini matendo ni tofauti. Mchele na maharage unaweza kuvitenganisha kwa kuchambua. Sukari unaweza kuirudisha kwa kuyakausha maji. Saruji ikishaungana na maji ikakauka, hakuna atakayekurejeshea unga wako. Mawili ya kwanza ni mchanganyiko, la tatu limezaa kampaundi mpya.

Mchanganyiko, basi, ni vitu viwili au zaidi vilivyokaa pamoja bila kuungana. Kila kimoja kinabaki na tabia yake, uwiano wao ni wowote unaoutaka, na vinaweza kutenganishwa kwa njia za kawaida ambazo hazivunji kitu: kuchambua, kupepeta, kuchuja, kukausha, au kukeneka, yaani kuchemsha kisha kuupoza mvuke urudi kuwa maji maji. Chai yenye kijiko kimoja cha sukari ni chai, na yenye vijiko vinne bado ni chai. Chumvi haikubali mchezo huo. Huwezi kupika "chumvi yenye klorini kidogo".

Nilimpa shangazi mfano anaoujua. Anatengeneza kashata. Anapoweka sukari kwenye sufuria juu ya moto, kwanza inalainika na kuwa maji maji. Akiipua wakati huo na kuiacha ipoe, anapata sukari iliyoganda. Akiisahau kidogo inageuka rangi ya kahawia na kuwa na harufu nyingine. Akienda kupokea simu na kuirudia baadaye, anakuta donge jeusi lililovimba, linalofuka mvuke, na ukilivunja linamenyeka kama mkaa. Ni mkaa kweli, kaboni kwa sehemu kubwa. Kaboni ile haikutoka kwenye moto wala kwenye sufuria. Ilikuwamo ndani ya sukari muda wote, imeungana na haidrojeni na oksijeni, na ndiyo maana sukari ilikuwa nyeupe na tamu badala ya kuwa nyeusi kama jiko la mkaa. Moto umeivunja kampaundi, haidrojeni na oksijeni zimeondoka kwa wingi kama mvuke wa maji, na kaboni imebaki. Kuchuja au kupepeta kusingeweza kuitoa.

Kabati hilo hilo la mapishi lina mtihani mwingine. Magadi soda ni kampaundi moja, sodiamu baikaboneti. Bekin poda ni mchanganyiko: ndani yake kuna magadi soda hayo hayo, tindikali kavu ya unga, na wanga wa kuzuia unyevu. Vikiwa vikavu, magadi soda na tindikali vinakaa jirani bila kugusana sana. Ukitia maji vinakutana, vinaungana, na inatoka kabonidayoksaidi inayoinua keki. Ndiyo maana kopo la bekin poda lililoingia unyevu haliumui tena: mambo yalishamalizikia ndani ya kopo. Hamira si elementi, si kampaundi, wala si mchanganyiko wa kuandaliwa kwa kipimo. Ni vijidudu hai vinavyokula sukari na kutoa gesi hiyo hiyo. Vitu vitatu, kazi moja, na bado watu huvibadilishana kisha wakashangaa maandazi kugoma.

Michanganyiko haifanani

Hapa ndipo wengi huchoka, kwa sababu vitabu humwaga majina. Ukiangalia kwa makini, swali ni moja tu: chembe za kitu kilichotiwa ni kubwa kiasi gani?

Zikiwa ndogo kabisa, za kiwango cha molekuli, zinatawanyika sawasawa na huwezi kuziona hata kwa darubini ya kawaida. Huo ni mmumunyo. Maji ya chumvi, chai ya rangi yenye sukari, soda ndani ya chupa iliyofungwa. Tone la juu na la chini vina ladha moja. Kitambaa cha kuchujia hakikamati chochote. Na tusisahau kwamba mmumunyo si lazima uwe wa maji. Hewa safi ni mmumunyo wa gesi: naitrojeni karibu asilimia 78, oksijeni karibu 21, agoni chini kidogo ya 1, na kabonidayoksaidi kwa kiasi kidogo sana. Hewa si elementi, ingawa kwa karne nyingi wasomi waliamini hivyo.

Kwenye mmumunyo lugha inatutega tena. Tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka. Barafu iliyoyeyuka ni kitu kimoja kilichobadili hali, maji yamebaki maji. Sukari iliyoyeyuka ndani ya chai ni vitu viwili vilivyokaa pamoja. Haijaisha wala haijageuka kitu kingine. Mwenye kisukari anayeambiwa "hii imeyeyuka haina neno" anadanganywa.

Chembe zikiwa kubwa, zinaelea kwa muda kisha zinatuama. Maji ya mto wakati wa masika ni mfano wa wazi: yaache kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tope liko chini. Kwa aina hii naomba msomaji anisikilize vizuri, maana inahusu afya ya watoto. Baadhi ya dawa za maji za watoto zimeandikwa "tikisa kabla ya kutumia". Si pambo. Dawa ndani ya chupa hiyo haijayeyuka, inaelea tu, na ikiachwa inatuama chini. Mzazi asiyetikisa anampa mtoto vijiko vya mwanzo vyenye dawa hafifu, na chupa ikikaribia kwisha anampa vijiko vizito kupita kipimo. Kijiko ni kile kile, lakini dawa iliyomo si ile ile.

Katikati ya hizo mbili kuna aina ya ajabu inayoitwa koloidi. Chembe zake ni kubwa kuliko za mmumunyo, lakini ni ndogo kiasi kwamba hazitui haraka. Maziwa, ukungu, rangi ya ukutani na damu ni za kundi hili. Kwetu pwani mfano bora ni tui la nazi. Unapokuna nazi na kuikamua, matone madogo mno ya mafuta yanatawanyika majini, na protini za nazi yenyewe zinayazuia matone hayo yasikutane. Tui linaonekana jeupe na la aina moja, lakini mpishi anajua siri yake. Liache kwenye bakuli hadi kesho, mafuta yanapanda juu. Lichemshe kwa moto mkali bila kukoroga, na tui linakatika: protini zinashindwa na joto, matone ya mafuta yanakutana, na mchuzi unabaki na maji huku na mafuta kule. Bibi zetu waliposema "usiache kukoroga tui" walikuwa wanailinda koloidi isivunjike. Ukiendelea kulichemsha makusudi, unapata mafuta ya nazi. Hakuna kilichoumbwa upya hapo, mafuta yalikuwamo tangu mwanzo.

Kuna njia rahisi ya kutambua koloidi. Kwenye jiko la kuni lenye paa la bati lililotoboka, saa nne asubuhi, utaona mwale wa jua umesimama kama fimbo nyeupe kutoka paani hadi sakafuni. Mwanga wenyewe hauonekani ukipita. Unachokiona ni chembe za moshi zikiurudisha mwanga machoni pako. Usiku jaribu kwa tochi ya simu: glasi moja weka maji yenye chumvi, nyingine maji yenye matone mawili ya maziwa. Kwenye ya kwanza mwanga unapita bila alama. Kwenye ya pili njia yake inaonekana wazi.

Dhahabu ya sonara na zebaki ya mchimbaji

Nimesema dhahabu ni elementi. Lakini pete uliyovaa huenda siyo. Dhahabu safi, ya karati 24, ni laini mno kwa mapambo ya kila siku, kwa hiyo sonara huitia shaba, fedha au metali nyingine. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 kati ya 24, yaani asilimia 75 ni dhahabu. Karati 22 ni karibu asilimia 92. Mchanganyiko wa metali namna hii huitwa aloi. Vivyo hivyo zile njumu za shaba ya njano kwenye milango ya Zanzibar: ni aloi ya shaba nyekundu na zinki, na kwa kuwa ni mchanganyiko, rangi yake hubadilika kadiri mfua shaba anavyopunguza au kuongeza zinki.

Kwenye machimbo madogo, kuanzia Geita hadi Chunya, tofauti ya kuchanganya na kutenganisha ni suala la uhai. Mchimbaji anatia zebaki kwenye mchanga uliosagwa, nayo inakamata chembe za dhahabu na kuacha mchanga. Anapata donge la rangi ya fedha, aloi ya zebaki na dhahabu. Kisha analiweka motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, wakati dhahabu haianzi hata kuyeyuka mpaka zifike nyuzi 1,064. Kwa hiyo zebaki inapaa na dhahabu inabaki kikaangoni. Wengi huamini kwamba moto "umeichoma" zebaki ikaisha. Haiwezi kuisha. Ni elementi, na moto hauvunji elementi. Imegeuka mvuke usioonekana, inaingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya mkewe anayepika pembeni, inatua kwenye paa na kwenye kisima, kisha inarudi kwa samaki. Huathiri ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huathirika zaidi. Uchomaji huu ukifanyika kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea, mvuke hurudi kuwa zebaki ya maji na kukusanywa. Ni ukenekaji ule ule, ila umefungiwa.

Kuna na neno ambalo Tanzania iliipa Kiswahili nguvu mpya: kuchakachua. Lilivuma sana watu walipokuwa wakilalamikia mafuta ya taa kutiwa ndani ya petroli na dizeli. Kwa nini ilikuwa vigumu kugundua kwa macho? Kwa sababu petroli yenyewe ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi za kaboni na haidrojeni, na mafuta ya taa ni ndugu zake wa karibu, kwa hiyo yanaingia na kutulia humo bila tabaka wala ukungu. Ungetia maji, yangezama chini ya tangi na kujionyesha. Ndiyo sababu mwaka 2010 serikali ilianza kutumia vinasaba, yaani kemikali maalumu inayotiwa kwenye mafuta halali kwa kiasi kidogo, ili vipimo vionyeshe kama yamechakachuliwa.

Onyo moja kabla sijarudi kwa shangazi. Usichanganye dawa ya kung'arishia nguo na tindikali ya kusafishia choo kwa kudhani usafi utakuwa maradufu. Hapo hupati mchanganyiko. Vinaungana, kampaundi ya awali inavunjika, na inatoka gesi ya klorini, ile ile ya Ypres, ndani ya choo chenye dirisha dogo. Ikitokea, toka nje kwanza, mambo mengine baadaye.

Ndani ya pakiti

Sasa pakiti ya shangazi. Imeandikwa "chumvi yenye madini joto". Madini joto ni jina tulilolipa iodini, na neno "madini" lenyewe limebebeshwa mengi: tanzanaiti inayochimbwa Mirerani ni madini, na kile kilicho kwenye mchicha nacho tunakiita madini ya chuma, ingawa hakuna msumari kwenye mchicha. Iodini ni elementi. Ikiwa peke yake ni vipande vyeusi vinavyong'aa, na ukivipasha moto vinatoa mvuke wa zambarau unaowasha macho. Haitiwi hivyo kwenye chumvi. Inatiwa ikiwa ndani ya kampaundi, mara nyingi potasiamu iodeti, unga mweupe ambamo iodini imeungana na potasiamu na oksijeni. Unga huo unachanganywa na kampaundi nyingine, sodiamu kloridi. Pakiti moja ya chumvi ina yote matatu: elementi, iliyofungwa ndani ya kampaundi, iliyotawanywa ndani ya mchanganyiko.

Kiasi chake ni kidogo. Tuseme kilo moja ya chumvi ina miligramu 30 za iodini. Anayekula gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri tusizifikie, atapata mikrogramu 150, na hicho ndicho kipimo ambacho mtu mzima anakihitaji. Bila hizo, tezi ya shingoni inavimba ikihangaika, na mama mjamzito anaweza kuzaa mtoto ambaye akili yake haikukua inavyopaswa. Kwenye maeneo ya milimani, kama nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mvua za karne nyingi zimeosha iodini kwenye udongo, tezi za shingo zilikuwa jambo la kawaida. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 nchi iliamua chumvi ya kuliwa lazima iwe na madini joto.

Na chumvi ya mawe? Mashamba ya chumvi ya pwani hukausha maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali kwa kila lita. Jua linapoyakausha, kwanza zinaganda kampaundi za kalsiamu, kisha sodiamu kloridi, na mwisho hubaki maji mazito machungu yaliyojaa magnesiamu. Mkulima wa chumvi anayemwaga maji hayo kwa wakati hupata chumvi safi zaidi. Asipoyamwaga, uchungu unabaki humo. Kwa hiyo chumvi ya mawe ina kemikali za aina nyingi kuliko ya pakiti, na iodini yake haitoshi, kwa sababu bahari ina iodini kidogo na kwenye ukaushaji nayo hupungua.

"Basi nisiimwage," akasema. Nikamwambia asiimwage, aihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jua na mvuke wa jiko, na aitie chunguni mapishi yakikaribia kuiva, kwa sababu unyevu na joto huipunguza iodini. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza mbona basi ile ya mawe, aliyoinunua sokoni juzi, imelowa ndani ya bakuli na hakuna aliyeitia maji. Nikamweleza ni ile magnesiamu kloridi iliyobaki humo: inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha.